Kusoma picha ya nyonga kabla ya sindano: nani atapata nafuu?

Mgonjwa mwenye nyonga iliyosagika akisikia kuna sindano ya nyonga, yaani steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) na ganzi vinavyochomwa ndani ya kiungo, huuliza jambo moja: "Daktari, itanisaidia?" Anastahili jibu la maana, kwa sababu sindano ina gharama, na nafuu yake ikija hukaa wiki kadhaa au miezi michache tu. Nawaandikia madaktari na matabibu wenzangu wenye eksirei na altrasaundi, hata kama MRI (mashine ya kupiga picha kwa sumaku) iko mkoa mwingine.

Hatua ya 1: Anza na mkono wa mgonjwa

Kabla sijafungua picha namwambia, "Mama, nioneshe panapouma." Mama mmoja, muuza mboga wa miaka 58, aliikumbatia nyonga kwa kiganja, dole gumba nyuma na vidole vingine kwenye kinena, kisha akasema, "Ni humu ndani kabisa." Ishara hiyo huelekeza ndani ya kiungo. Akishika tako, na maumivu yakishuka hadi chini ya goti, chunguza mgongo kwanza. Akiumwa ubavuni mwa nyonga tu na hawezi kulalia upande huo, huenda shida iko nje ya kiungo.

Mkunje paja hadi nyuzi 90, lizungushe kwa ndani, mwulize maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10. Andika. Yule mama alisema 8. Namba hiyo tutaihitaji tena.

Hatua ya 2: Eksirei ya nyonga zote mbili

Piga akiwa amesimama, vidole vya miguu vimegeuzwa ndani kama nyuzi 15, ili shingo ya fupa la paja ionekane yote. Angalia nafasi ya kiungo, vijimfupa vya pembeni, weupe wa mfupa chini ya gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), na vishimo. Kisha toa daraja la Kellgren na Lawrence, kutoka 0 (hakuna kusagika) hadi 4 (kusagika sana), linalotumika tangu 1957.

Hapa ndipo wengi hukosea. Daraja hupima kusagika, na tafiti hazikubaliani kama linatabiri nafuu. Nimeona nyonga za daraja la 3 zikitulia vizuri, na za daraja la 1 zisitulie kabisa. Msimnyime mtu sindano kwa daraja peke yake. Ila kichwa cha fupa la paja kikishabonyea, mimi humweleza mgonjwa asitegemee makubwa.

Hatua ya 3: Tafuta sababu za kutochoma

Kwetu hatua hii ni muhimu mno. Mwenye seli mundu, anayeishi na VVU, au aliyetumia steroidi muda mrefu anaweza kuwa na kichwa cha mfupa kinachokufa kwa kukosa damu, na mwanzoni eksirei huwa safi. Tafuta mstari mweusi wa mwezi mwandamo chini ya gegedu. Usipouona na shaka ikabaki, mtume akapigwe MRI. Mifupa ikififia kuzunguka kiungo, kingo zikilika na nafasi ikipungua taratibu, fikiria kifua kikuu: vuta maji yapelekwe maabara, steroidi isiingie.

Muulize pia kama ana vali ya bandia ya moyo, na kama anasubiri kubadilishiwa nyonga ndani ya miezi 3. Majibu hayo mawili yanahusu hatari ya maambukizi.

Hatua ya 4: Altrasaundi

Mlaze chali, mguu umenyooka. Weka probu (kishikio cha altrasaundi) mbele, sambamba na shingo ya fupa la paja, mpaka uone kichwa, shingo na kapsuli (mfuko unaozunguka kiungo) juu yake. Pima kutoka kwenye mfupa hadi kapsuli. Kwa mtu mzima, milimita 7 au zaidi, au upande mmoja kuzidi mwingine waziwazi, huashiria maji au utando uliovimba. Pima pande zote mbili kila mara.

Tahadhari moja: probu ikilala vibaya, kapsuli yenyewe huonekana nyeusi na kukudanganya kuwa ni maji. Itikise kidogo. Weusi ukiondoka, hayakuwa maji. Yule mama alikuwa na milimita 9 kulia na 5 kushoto, na weusi haukuondoka.

Nikiona hivyo matumaini yangu hupanda. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2011 uliona kuwa utando uliovimba kwenye altrasaundi ndio uliotabiri nafuu. Jaribio jingine la huko, la 2022, lenye wagonjwa 199, lilionesha kuwa triamsinoloni (aina ya steroidi) miligramu 40 pamoja na ganzi, vikiongozwa na altrasaundi, vilipunguza maumivu kuliko ushauri na mazoezi pekee, nafuu kubwa ikiwa wiki za mwanzo.

Hatua ya 5: Sindano nayo ni kipimo

Elekeza ncha ya sindano pale kichwa kinapokutana na shingo, mbali na mishipa ya kinena, ukiiona kwenye skrini mpaka mwisho. Dawa ikiingia utaona kapsuli ikiinuka. Baada ya dakika 20 hadi 30 rudia kukunja na kuzungusha, uliza namba tena. Ikipungua nusu au zaidi, ganzi imethibitisha kuwa maumivu yanatoka ndani. Isipopungua na dawa uliiona ikiingia, rudi kwenye mgongo na ubavu.

Yule mama alishuka kutoka 8 hadi 2. Hata hivyo nilimwonya kwamba ganzi ingeisha jioni hiyo, maumivu yangeweza kurudi siku mbili tatu kabla steroidi haijashika. Mwenye kisukari aongeze kupima sukari wiki hiyo, maana hupanda.

Hatua ya 6: Fuatilia kwa namba

Piga simu wiki ya 2, ya 8 na ya 12, ukiuliza namba ileile. Andika jirani yake daraja la eksirei na milimita za altrasaundi. Baada ya wagonjwa 30 utakuwa na picha ya kituo chako mwenyewe. Kwa yule mama iliandikwa: wiki ya 2 namba 2, wiki ya 8 namba 3, wiki ya 12 namba 6. Siku hiyo tulikaa naye na mwanawe tukaanza kuzungumzia upasuaji.