Mambo ya Kuzingatia Kabla Mguu wa Farasi Mzee Haujavimba

Anayefuga farasi aliyevuka umri wa miaka 15 hana budi kuijua miguu yote minne ya mnyama huyo ingali mizima, kwa sababu farasi mzee mara nyingi huwa na vinundu vya zamani, makovu na viungo vilivyokakamaa, ambavyo mtu asiyevizoea huweza kuvidhania kuwa maradhi mapya. Pitisha kiganja kila siku kutoka gotini hadi kwenye ukwato, pima unene wa kila mguu kwa utepe, kisha uandike. Joto la mwili la farasi aliyetulia, likipimwa kwenye njia ya haja kubwa, huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi, na moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Jifunze pia kupapasa mshipa wa damu unaopita nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato. Katika mguu mzima mapigo yake huwa hafifu; yakidunda kwa nguvu huku ukwato una joto, huenda kuna jipu ndani ya ukwato au laminitisi, yaani uvimbe wenye maumivu wa tishu zinazoushikilia ukwato kwenye mfupa, ambayo huwapata zaidi farasi wazee wenye ugonjwa wa Cushing, ambao ni hitilafu ya homoni. Ugonjwa huo hupimwa kwa damu, na ni afadhali upimwe mapema.

Uvimbe wenyewe si wa namna moja. Miguu yote miwili ya nyuma ikivimba baada ya usiku mzima bandani, ikawa baridi na isiyouma, kwa kawaida ni maji tu yaliyotuama, nayo hupungua farasi akitembezwa. Hata hivyo, yasipopungua, daktari wa mifugo achunguze moyo, ini na figo. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu, pamoja na homa, huashiria maambukizi chini ya ngozi na unahitaji daktari siku hiyohiyo. Kidonda kilicho karibu na kiungo ni dharura hata kikiwa kidogo kama tundu la mwiba, kwani vijidudu vikiingia ndani ya kiungo kila saa inayopita ina gharama. Farasi asiyeweza kukanyaga kabisa asisogezwe kabla ya kupata ushauri.

Vifaa viwekwe pamoja mahali pakavu: kipimajoto, tochi, pamba nene, bendeji safi na mpira wa maji. Kuumwagia maji baridi mguu wenye joto kwa dakika 15 hadi 20 kunasaidia, lakini bendeji iliyokazwa bila pamba huumiza kano kuliko uvimbe wenyewe, jambo ambalo wafugaji wenye haraka hulisahau. Mguu wa upande wa pili nao ufungwe, maana ndio unaobeba mzigo.

Kuhusu dawa, kubaliana na daktari mapema. Fenilibutazoni hupunguza maumivu, lakini ikitolewa kabla ya uchunguzi huficha dalili, na kuichanganya na fluniksini, dawa nyingine ya maumivu, huweza kudhuru tumbo na figo.

Lililo gumu zaidi ni kuamua, farasi angali anatembea vizuri, matibabu yatafika wapi endapo mguu hautapona, nani atatoa idhini ya farasi kuuawa bila maumivu mwenyewe asipokuwepo, na mwili utazikwa au kupelekwa wapi. Maamuzi hayo yaandikwe na nakala akabidhiwe anayemhudumia farasi kila siku.