Majipu sugu ya kwapani: upasuaji upi unafaa?

Hidradenitisi, yaani ugonjwa huu wa majipu sugu, haitokani na uchafu wala haiambukizi, mgonjwa asilaumiwe. Kupasua jipu na kutoa usaha hutuliza maumivu siku hiyohiyo, ila mara nyingi hurudi, kwani kifuko kimebaki ndani.

Palipo na vijia vya usaha chini ya ngozi, uliza kuhusu kuondoa paa lao, yaani ngozi inayovifunika. Baada ya ganzi, kijiti butu cha chuma huingizwa tunduni, ngozi ya juu hukatwa kukifuata, ute hukwanguliwa, kidonda huachwa wazi kijae chenyewe kwa wiki kadhaa. Kijia kimoja kikisahaulika, usaha hurudi.

Makovu yakienea kwapa zima, hukatwa yote na pengine kupandikizwa ngozi. Mwanza, anzia kuuliza Hospitali ya Bugando. Nyumbani osha kila siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si ya ziwani. Paka vaselini, funika kwa shashi. Nyoosha mkono, kwapa lisikakamae.