Kabla ya kupima uionishaji wa urani kwa eksirei: mambo ya kuzingatia

Uionishaji ni kuing'oa atomu elektroni zake. Anza na nishati. Kuing'oa elektroni ya mwisho ya urani, ile iliyobaki kwenye U91+ (ioni ya urani yenye elektroni moja tu kati ya 92), kunataka takriban keV 132 (keV ni elektroni-volti elfu moja, kipimo cha nishati); mwale wako wa elektroni ukiwa chini ya hapo, unapoteza muda. Mwaka 1994, katika maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, Marrs na wenzake walitumia keV 198 kwenye mtego wa SuperEBIT, chombo kinachoshikilia ioni ndani ya mwale wa elektroni, na bado U92+ (urani isiyo na elektroni hata moja) zilizopatikana zilikuwa za kuhesabika. Panga siku za kukusanya data, si saa.

Kigunduzi kiwe cha gerimani, kimepimwa kwanza kwa vyanzo vya mionzi vya kobalti-57 na bariamu-133. Elektroni ya mwale ikinaswa na U92+ na kutua ganda la K (la ndani kabisa), hutoa fotoni ya keV 330 hivi, yaani 198 jumlisha 132. Ikinaswa na U91+, fotoni hupungua kwa keV 2 na kidogo. Vilele hivyo viwili ndivyo mizani yako. Subiri uwiano wake utulie: hapo zinazovuliwa elektroni ni sawa na zinazonasa, na msongamano wa mwale unajifuta kwenye hesabu.

Bariamu na tungsteni kutoka kathodi hujilimbikiza mtegoni. Mwaga ioni zote, jaza urani upya.

Ila anayeharibu vipimo hasa ni gesi. Atomu ya gesi ikipita karibu na U92+ huporwa elektroni, na uporaji huo hautoi fotoni ya keV 330. Kilele cha juu kinafupika, lakini kinabaki chembamba na safi, hakuna cha kukushtua. Nawe unaandika eneo mtambuko la uionishaji (kipimo cha uwezekano wa elektroni kung'olewa) dogo kuliko lilivyo. Na neoni unayoingiza ili ioni zake nyepesi zitoroke na joto ndiyo hiyo hiyo inayoporwa. Kwa hiyo pima kwa kanieneo nne za neoni, kisha chora U91+ kugawanya kwa U92+, usigeuze, maana kwa mpangilio huo tu nukta hukaa kwenye mstari mnyoofu unaoweza kuurefusha hadi sifuri. Vali ikifungwa kabisa bado kuna gesi ya mabaki, basi rudia kwa mikondo tofauti ya mwale: mkondo ukiongezeka, uzito wa uporaji unapungua.

Kumbuka pia kwamba fotoni hizi hazitoki sawa pande zote. Kigunduzi kikiwa nyuzi 90, tumia thamani za kinadharia za unasaji kwa nyuzi 90. Risasi ya kuzuia mionzi isiguswe mwale ukiwa umewaka. Andika kanieneo kila zamu, hata usiku, hata kama sindano haijasogea.