Kustaafu na kufuga kuku wa mayai: piga hesabu kwanza

Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na wengi hutarajia mayai yalipe mara moja. Sivyo. Kuku huanza kutaga wiki ya 18 hadi 20, akiwa ameshakula kilo 7 hivi bila kuingiza hata shilingi. Anza na 100, si 1,000, na utenge pesa ya chakula kabla ya kujenga banda: wakishataga, 100 hula takriban kilo 12 kwa siku. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) kifaranga akiwa na siku 7, ya Gumboro (ugonjwa unaoshusha kinga ya vifaranga) akiwa na siku 14, kisha rudia; kideri humaliza banda zima. Kazi ni alfajiri, hata sikukuu. Magoti yakisumbua, ajiri kijana mapema, mshahara wake uwe kwenye hesabu.