Somo: "Quite" ya Kiingereza, lini ni "kabisa" na lini ni "si haba"

Nimeliandika somo hili kwa kuwa nimechoka kujibu swali lile lile kila wiki. Kuanzia leo, atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Hatua ya kwanza. Hakikisha neno lako ni "quite", si "quiet" lenye maana ya kimya.

Hatua ya pili. Tazama kivumishi kinachofuata. Ikiwa sifa yenyewe haina kiwango, ama ipo ama haipo, "quite" ni kabisa: "quite dead" ni aliyekufa kabisa, na "quite impossible" ni jambo lisilowezekana kabisa.

Hatua ya tatu. Hapa ndipo nilipoteleza. Sifa ikiwa na viwango, kama uzuri au baridi, maana hutegemea msemaji: Mmarekani akisema "quite good" kwa kawaida anasifu kwa dhati, ilhali Mwingereza mara nyingi anasema tu kwamba si haba. Niliwahi kumwandikia mwajiri Mwingereza barua ya kumpendekeza mwenzangu, mwanamke aliyenishinda kwa kila kitu kazini, nikaandika "her work is quite good" nikiamini nimemmwagia sifa. Mwajiri akanijibu kwa upole akiuliza ni upungufu gani ninaosita kuutaja. Basi usilitumie katika barua za mapendekezo, wala usisifie chakula cha mwenyeji wako kwa neno hilo. Andika "very good", uwe salama. Katika mazungumzo sikiliza pia mkazo, kwa maana Mwingereza akilikazia neno "quite" lenyewe, sifa hupungua zaidi.

Hatua ya nne. "A" hufuata nyuma: "quite a big house". Na "quite a few" si wachache, ni wengi.

MASWALI

Swali: Kwa hiyo kwa kifupi ni "sana"?
Jibu: Soma hatua ya tatu.

Swali: Kamusi yangu inasema "kabisa". Unapotosha watu.
Jibu: Kamusi yako imesema yale yale niliyoyasema katika hatua ya pili. Hatua hazikuishia hapo.

Swali: Shikamoo, mwalimu. Imekuwaje neno moja libebe maana mbili zinazovutana?
Jibu: Marahaba, umeuliza vyema. Maana ya "kabisa" ndiyo kongwe, na neno lina asili moja na "quit", lililohusu kuwa huru, kama mtu aliyemaliza deni lake lote. Maana ya "kiasi" ilizuka baadaye, lakini ile ya kale ingali hai katika "not quite ready", yaani bado kidogo. Nasi tusiwacheke, kwani "nisubiri kidogo" yetu huweza kuwa dakika mbili au saa mbili.

Swali: Na Mwingereza akijibu "Quite" peke yake?
Jibu: Amekubaliana nawe, kama anayesema "naam, ndivyo". Lina harufu ya kizee.

Swali: "Pretty good" je, mwalimu?
Jibu: Lina maana ya karibu, ila ni la mazungumzo, usilipeleke kwenye barua ya kazi. Jihadhari zaidi na "rather", ambalo mara nyingi huelekea kwenye malalamiko: "rather cold" ni baridi inayokera.