Okidi ndogo kwenye kipande cha mkwaju: ninavyozifunga na kuzitunza hapa Dodoma

Nyuma ya kibanda changu cha ushonaji, Chang'ombe hapa Dodoma, nimetundika ukutani vipande tisa vya mti. Kila kipande kimebeba okidi ndogo, ya kuenea kwenye kiganja. Hazina chungu wala udongo. Wateja wakija kupimwa nguo hupita wakidhani ni mapambo ya dukani, mpaka siku zinapochanua. Hapo ndipo kila mtu anataka kufundishwa.

Bibi mmoja kutoka Mpwapwa, baada ya kuniamkia "mbukwa", alisimama mbele ya ukuta kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, hili si lile jani linalonyonya miembe? Mbona unalifuga?" Nikamjibu, "Hapana bibi, hili halinyonyi. Limeshikilia tu."

Ndivyo ilivyo. Okidi za aina hii porini hukaa juu ya matawi na kujipatia maji ya mvua na ukungu, pamoja na chakula kidogo kinachoshuka na maji hayo. Mzizi wake umevikwa ganda linalofyonza maji kama sponji. Ukiwa mkavu unakuwa mweupe wa kifedha; ukipata maji, unageuka kijani mbele ya macho yako. Ukitaka kuzifuga, jifunze kusoma mizizi. Jani hutoa habari baada ya wiki nyingi, wakati mzizi umeshasema siku ileile.

Wengine huniuliza kuhusu okidi za Kitulo, ile nyanda ya kusini inayoitwa Bustani ya Mungu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nyingi za kule ni za ardhini, zina viazi chini ya udongo, na hivyo viazi ndivyo vinavyochimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi. Hizo usijaribu kuzifunga kwenye mti. Na nakuomba sana, usiende kubandua okidi Uluguru wala Usambara. Zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na zinaondoka msituni haraka kuliko zinavyoota. Tafuta mtu anayezizalisha mwenyewe. Zangu za mwanzo dada yangu alininunulia kwa mkulima wa namna hiyo Arusha, akaniletea kwa basi ndani ya boksi la viatu. Ni aina ya Aerangis luteo-alba, ile ya rhodosticta, mmea wa huku kwetu Afrika: ua jeupe la sentimita 3 hivi, lenye nukta nyekundu katikati kama tone la damu. Ukianza na hiyo hutajuta.

Mji wetu uko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unatafuta blanketi. Joto la Oktoba ni kali, ila okidi ikiwa kivulini inalivumilia. Kinachoziua hapa ni upepo mkavu na maji ya chumvi. Nilipoteza mmea wangu wa kwanza kwa maji. Nilikuwa naumwagilia ya bomba kila asubuhi kwa moyo wote, na ncha za mizizi zikawa zinageuka nyeusi moja baada ya nyingine. Sikuelewa mpaka siku moja nilipotazama ndani ya birika la chai na kuona ule ukoko mweupe uliogandia chini. Kilichokuwa kwenye birika ndicho kilichokuwa kinaunguza mizizi. Kuchemsha hakutoshi, chumvi nyingine inabaki palepale.

Sasa natumia maji ya mvua. Mvua ya kwanza naiacha ioshe vumbi la bati, inayofuata ndiyo naikinga. Hesabu yake ni nyepesi: vipande tisa vinakula lita 2 kwa siku, kiangazi cha miezi saba ni siku 210, jumla lita 420. Tangi la lita 500 lenye mfuniko linatosha. Mwaka ambao mvua imekuwa haba naongezea maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha duka la dawa la jirani. Nimemwomba mama mwenye duka, naweka ndoo safi pale nyuma. Maji hayo hayana chumvi.

Upande wa mti, natumia tawi la mkwaju lililokauka, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa shibiri moja. Ni mgumu, hauozi haraka, na gome lake lina mikwaruzo ya kutosha mizizi kung'ang'ania. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa usiziguse. Msonobari una utomvu na unaoza upesi. Mwarobaini umejaa mitaa yetu, lakini sijawahi kuuamini kwa kazi hii. Mzabibu nao unavutia, kwa jinsi shina lake kuukuu lilivyojipinda, na Dodoma hatukosi mashina yaliyong'olewa. Nilifunga okidi mbili kwenye shina moja zuri mno. Miezi mitano baadaye gome likabanduka kwa vipande virefu kama karatasi, na mizizi yote ikaja nalo. Ukiupenda mzabibu, bandua gome lote legelege kwanza, sugua kwa brashi, kisha loweka shina siku kadhaa huku ukibadilisha maji, kwa sababu mashambani hupuliziwa dawa za ukungu, na zile za shaba okidi nyingi haziziwezi.

Subiri wakati. Funga okidi pale inapoanza kutoa mizizi mipya, kwangu ni kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Desemba, hewa inapoanza kupata unyevu. Utaona ncha ya kijani inayong'aa, laini kiasi kwamba ukucha ukiigusa tu inakatika. Hiyo ncha ndiyo itakayoshika mti. Mzizi wa zamani uliokwisha kukauka haushiki tena.

Kufunga kwenyewe ndiko ninakokupenda zaidi, labda kwa sababu ni kazi ya mkono wa fundi cherehani. Uzi wa kawaida unakata mizizi, na waya wa kufungia nondo unashika kutu na kuunguza. Mimi natumia soksi ndefu za nailoni, zile nyembamba wanazovaa akina mama wa ofisini. Ikate kwa mkato wa kukatiza mguu, upana wa sentimita 1, upate pete. Ivute mara moja, kingo zitajikunja zenyewe ndani na pete itakuwa kamba laini inayonyumbuka. Loweka mmea dakika 15 mizizi ilegee. Tandaza juu ya gome nyuzi chache za makumbi ya nazi, unene wa kitambaa cha khanga na si zaidi, zikiwa zimelowekwa na kubadilishiwa maji mara tatu ili chumvi ya pwani itoke. Laza mmea, tawanya mizizi kama vidole vilivyofunguliwa, kisha zungusha kamba juu ya mizizi ya zamani, ukikwepa zile ncha za kijani. Fundo liwe nyuma ya mti.

Halafu utikise. Majani yakicheza wakati mti umetulia, fungua na uanze upya. Mmea unaocheza kila upepo ukipita unasaga ncha zake kwenye gome, na mwaka utaisha haujashika chochote. Hapa sina huruma. Nimefungua fundo moja mara nne.

Moyo wa mmea, pale majani yanapokutana, uelekee pembeni au chini kidogo. Ukitazama juu unakuwa bakuli, maji yanalala humo usiku na majani yanaoza kuanzia shinani. Toboa tundu juu ya kipande kwa msumari wa moto, pitisha ndoano ya henga la waya, tundika.

Mahali pawe upande wa mashariki, papate jua la asubuhi tu, baada ya hapo kivuli au neti ya bustani. Kuanzia Julai hadi Septemba, upepo unapokuja na vumbi lake, mimi hutundika gunia la mkonge upande unakotokea upepo na kulilowesha asubuhi na saa nane mchana. Chini ya vipande naweka beseni lenye changarawe na maji. Ukisimama pale mchana wa Agosti unahisi hewa nyingine kabisa usoni.

Kiangazi namwagilia kila siku asubuhi, na Oktoba mara mbili, ya pili kabla ya saa kumi jioni ili majani yalale makavu. Mwagilia mpaka mizizi yote iwe kijani, kisha uiache iwe myeupe tena kabla ya kurudia. Masika naweza kupitisha siku mbili au tatu. Mbolea ni busta ya kupulizia majani, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki mbili wakati mizizi inakua, na maji matupu siku inayofuata. Ukiona vidoadoa vyeupe na utando mwembamba chini ya jani, huo ni utitiri, hewa imekauka mno. Futa majani kwa kitambaa kibichi na uongeze unyevu. Wadudu gamba watoe kwa pamba yenye spiriti.

Kamba ya soksi usiikate mapema. Baada ya miezi mitatu au minne, chungulia pembeni: mizizi mipya ikiwa imelala bapa juu ya gome kama imegundishwa, sukuma mmea taratibu kwa kidole kimoja. Ukikataa kusogea, kata fundo nyuma kwa mkasi mdogo na uache kamba idondoke yenyewe, bila kuivuta, maana mara nyingi kuna mzizi mmoja ulioamua kupita juu yake.