Mgonjwa ananuka mbege na hajitambui: anza hivi

Zamu ya usiku Moshi, hasa mwisho wa wiki, utamletewa: kabanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na shemeji yake, ananuka mbege. Shemeji atasema, "Sista, amelewa tu huyu, mtundikie dripu." Usiandike "mlevi" kwenye faili. Bado hujui.

Hatua ya 1: Mwite. "Baba Neema, fungua macho!" Kimya? Finya msuli wa bega, uandike alichofanya hasa: kakoroma, kasukuma mkono wako. Alama za Glasgow (kipimo cha kujitambua, kutoka 3 hadi 15) zikiwa 8 au chini, njia ya hewa iko hatarini. Mlaze ubavu, mwite daktari hapo hapo. Kama alianguka, mgeuzeni watu watatu, kichwa na kiwiliwili pamoja.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi dakika nzima. Tuambiane ukweli, wengi tunaandika 20 kwa kila mtu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akihema 32, tena kwa kina, usiisingizie mbege. Fikiria kisukari kilichopanda, nimonia, malaria kali. Akiwa na 8, uliza kama kuna kingine alichomeza.

Hatua ya 3: Sukari. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimtoboa mzee kidole bila kukiosha, mashine ikasoma 7.2 (mmol/L), nikatulia. Muuguzi mwenzangu aliyenizidi miaka akashika kile kidole, akakiona kinanata. Mzee alikuwa amekula ndizi mbivu. Tukaosha kwa maji na sabuni, tukakausha, tukapima upya: 2.1.

Pombe huzuia ini kutengeneza sukari, kwa hiyo aliyekunywa tangu mchana bila kula anaweza kuishiwa kabisa. Chini ya 3.9, fuata mwongozo wa wodi yako: dekstrozi (maji ya sukari) ya mshipani, mshipa mzuri, kwa sababu ile ya asilimia 50 ikivuja inaunguza nyama. Soda mdomoni kwa asiyejitambua, hapana, hata ndugu wakikulilia. Pima tena baada ya dakika 15.

Sasa mtume shemeji alete pakiti za dawa. Ukikuta glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, mgonjwa haendi nyumbani hata akiamka anacheka na kudai viatu vyake. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, sukari itashuka tena.

Hatua ya 4: Kichwa. Pitisha vidole ndani ya nywele, kote, ukitafuta uvimbe au damu. Mulika mboni zote mbili. Moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, usisubiri pombe imtoke. Joto, presha na kipimo cha malaria vifuate.

Hatua ya 5: Mpigie daktari kwa namba. "Daktari, mwanaume wa miaka 50, Glasgow 9, pumzi 10, sukari 5.6 kidole kimeoshwa, mboni ya kulia kubwa, uvimbe nyuma ya sikio. Naomba uje sasa." Ukimwambia "kuna mlevi hapa," atamalizia chai yake kwanza.